Msimamizi ameuza nyumba ya marehemu: uchambuzi wa kisa kimoja cha mirathi, Temeke

Mzee alifariki tarehe 6 Machi 2022. Aliacha wake wawili, watoto sita, na nyumba moja Mtoni, Temeke, yenye hati kwa jina lake peke yake. Mke mkubwa anaishi humo na binti zake wawili. Amezaa wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Mke mdogo amepanga Kigamboni na watoto wake, mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka 9. Familia ni Waislamu. Wosia hakuna.

Machi 2023 mke mkubwa analetewa barua ya wakili: ahame ndani ya siku 30, nyumba imeuzwa kwa shilingi milioni 95. Muuzaji ni mwanawe mwenyewe, kifungua mimba, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi.

Wahusika ni wa mfano, na tarehe na fedha tumeziweka sisi. Sheria inayotumika ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Mahakama za Kadhi na utaratibu wake.

Swali la kwanza la kila aliyeisoma barua ile lilikuwa: ameuzaje bila sisi kusaini? Jibu linauma. Sheria haimlazimishi msimamizi kupata saini za warithi wote ndipo auze. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo mwaka 1994, na mpaka leo mahakama za chini hulirudia. Msimamizi akishapewa barua ya usimamizi anavaa viatu vya marehemu: anadai madeni, anashitaki, anashitakiwa, na anaweza kuuza. Kwa hiyo anayekwenda mahakamani na hoja ya "hatukusaini" peke yake ameshika silaha butu. Hoja zenye makali zipo, ila ziko mahali pengine kwenye jalada.

Wapo pia waliomwambia mama kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Ni kweli inakataza, lakini kifungu hicho kinawalinda wanandoa walio hai. Mzee angeiuza au kuiweka rehani akiwa hai bila ridhaa ya mke anayeishi humo, mke angekuwa na kesi nzuri. Mume akishafariki ndoa imekwisha, na anayeuza ni msimamizi wa mali ya marehemu, si mume. Kukitegemea kifungu cha 59 hapa ni kupoteza ada ya wakili.

Jalada lilivyokwenda

Arobaini ilipofika, ukoo ulikaa kikao. Muhtasari ukaandikwa: marehemu ameacha mke mmoja na watoto wanne, na kaka mkubwa wa watoto hao, yule kifungua mimba, amependekezwa kuwa msimamizi. Mke mdogo na wanawe hawamo. Kikao cha ukoo si sharti lililowekwa na sheria. Ni desturi ambayo mahakama huiheshimu kwa sababu inaonyesha nani ni nani katika familia. Ubaya wake ndio huu: kwa kuwa kila mtu anaamini muhtasari ule ni kama hukumu, asiyeandikwa humo hujiona hana haki. Haki ya kurithi haitoki kwenye muhtasari.

Na muhtasari huo, cheti cha kifo kutoka RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) na fomu ya maombi, kaka alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Hapo hakukosea. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka pale ambapo sheria itakayotumika ni ya Kiislamu au ya kimila, na marehemu alikuwa akiishi ndani ya eneo lake. (Marehemu Mkristo aliyeishi Kikristo, mirathi yake kwa kawaida huanzia Mahakama ya Wilaya au juu zaidi. Majalada mengi hufutwa kwa kosa hilo baada ya miaka ya kuhangaika.) Kwa Dar es Salaam, tangu 2021 kuna Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia pale Temeke, chenye ngazi kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, kwa hiyo kulifuatilia jalada kumekuwa rahisi kuliko zamani.

Tangazo likabandikwa. Tarehe 30 Mei 2022, pasipo pingamizi, kaka akateuliwa na kupewa Fomu Namba IV, yaani barua ya usimamizi.

Tazama sasa kalenda ya mke mkubwa. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Yake iliisha katikati ya Julai. Maombi, tangazo, siku ya kusikilizwa na uteuzi vyote vilipita akiwa ndani. Mahakama haisimami kumsubiri mjane aliye eda, na hakuna kanuni inayoitaka isimame. Katika mirathi za Waislamu mwanya huu ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na huzibwa kwa jambo dogo: kaka wa mjane, mjomba au binti mtu mzima apeleke barua kwa karani wa mahakama, ataje jina la marehemu, aombe namba ya shauri, na awepo siku tangazo linapoisha. Kama mjane ana pingamizi, liandikwe na kuwasilishwa ndani ya siku zilizotajwa kwenye tangazo lenyewe. Baada ya uteuzi huwezi tena kupinga, inabidi uombe kubatilisha, na mzigo wa ushahidi unakuwa mzito zaidi.

Kosa lililowaokoa

Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971, zinamtaka msimamizi kuwasilisha Fomu Namba V ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa. Fomu hiyo ni orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni ya marehemu. Kisha, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, anatoa hesabu kwenye Fomu Namba VI: nini kimeingia, nini kimetoka, nani amepewa nini. Anayesimamia mirathi kupitia Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu ana miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu.

Kaka yetu alitakiwa kuleta Fomu V kabla ya mwisho wa Septemba 2022. Hakuileta. Fomu VI nayo hakuileta. Alichukua Fomu IV, akaiweka kwenye bahasha pamoja na hati, akaanza kutafuta mteja.

Uvivu huo ndio uliowasaidia wenzake. Mahakama ya Rufani imeeleza kwamba msimamizi akishawasilisha orodha na hesabu, na mahakama ikafunga shauri, usimamizi wake umekwisha: hakuna tena barua ya kubatilisha. Kinachobaki ni kumdai yeye binafsi, safari ndefu na mara nyingi kwa mtu ambaye pesa ameshazitumia. Kwa kuwa hapa jalada bado liko wazi, mlango wa kubatilisha uteuzi bado uko wazi pia. Angekuwa mjanja zaidi, angejaza fomu zote mbili upesi kwa takwimu za uongo, akaomba jalada lifungwe, na mama angeletewa barua ya kuhama wakati mirathi imeshafungwa.

Ndiyo maana swali la kumuuliza msimamizi kila mwezi si "nyumba itauzwa lini?" bali "Fomu V iko wapi?" Mrithi yeyote anaweza kwenda masjala na namba ya shauri, kuomba kusoma jalada, na kulipia nakala. Miezi minne ikipita bila fomu, andika barua kwa hakimu ukiomba msimamizi aitwe kujieleza. Barua hiyo pia ni ushahidi kwamba hukukaa kimya.

Nani alipaswa kupata nini

Kabla ya mgawo, kwanza zinatoka gharama za mazishi na madeni. Na hapa kuna deni ambalo wanaume wa ukoo hulisahau kwa hiari: mahari isiyolipwa. Kama sehemu ya mahari ya mke yeyote iliahirishwa, hiyo ni haki yake anayoidai kama mdai mwingine yeyote, mbali na fungu lake la urithi.

La pili ni mchango wa mke mkubwa katika ujenzi. Mgawanyo wa mali za ndoa mbele ya mahakama, kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, hufanyika kwenye talaka au kutengana, si kwenye kifo. Lakini kilicho chake hakiwi cha marehemu kwa sababu tu hati ina jina la marehemu. Akiwa na stakabadhi za tofali, mabati au saruji, taarifa za kikundi cha kuweka na kukopa, au fundi wa kuthibitisha nani alikuwa akimlipa, hoja hiyo iwekwe wakati orodha ya Fomu V inajadiliwa. Ikisubiri mpaka nyumba iuzwe inageuka kilio.

Halafu mafungu. Kwa sheria ya Kiislamu, marehemu aliyeacha watoto, wake zake wanapata moja ya nane kwa pamoja, na si kila mmoja. Wakiwa wawili, kila mmoja ana moja ya kumi na sita. Wazazi wa marehemu wakiwa hai, kila mmoja ana moja ya sita, hapa wameshatangulia. Inayobaki inakwenda kwa watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili. Wa kiume wako watatu, wa kike watatu, kwa hiyo yanapatikana mafungu tisa. Tuseme mthamini ameipa nyumba milioni 144, na hakuna deni: kila mke anapata milioni 9, kila mtoto wa kiume milioni 28, kila wa kike milioni 14.

Angalia mke mdogo na wanawe walioachwa nje ya muhtasari: milioni 9, 28 na 14, jumla milioni 51, zaidi ya theluthi moja ya nyumba nzima. Hapa ndipo sababu ya kusahauliwa kwao inapoonekana. Ndoa yake ilifungwa na shehe bila kusajiliwa. Hilo haliibatilishi, kwa maana Sheria ya Ndoa haifuti ndoa halali kwa kukosa usajili. Anachohitaji ni mashahidi wa nikaha, shehe aliyefungisha, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye jina la baba. Mafungu ya watoto walio chini ya miaka 18 hayawekwi mkononi mwa msimamizi "awatunzie". Mahakama iombwe kuelekeza yatunzwe vipi, na Kabidhi Wasii Mkuu, ofisa wa serikali aliyeko RITA anayeweza kusimamia mali za marehemu, ni mojawapo ya njia.

Kwa kulinganisha tu: familia hiyohiyo ingehukumiwa kwa sheria ya mila iliyoandikwa 1963, mjane hana fungu lake ikiwa ukoo wa mume una ndugu, anatunzwa na watoto wake. Ingetumika sheria ya urithi ya India ya 1865, inayowahusu Wakristo wengi, mjane angepata theluthi moja na watoto theluthi mbili, wa kike sawa na wa kiume. Ndiyo sababu ugomvi wa "marehemu aliishi kwa sheria gani" huwa mkali kuliko ugomvi wa nyumba yenyewe.

Mnunuzi

Kila kitu sasa kinamtegemea huyu. Mahakama humlinda mnunuzi mwenye nia njema: aliyelipa thamani halisi, aliyefanya uchunguzi, asiyejua kasoro. Akithibitika kuwa hivyo, warithi wanaweza kushinda dhidi ya kaka na bado nyumba ikaenda.

Huyu alifanya nini? Alionyeshwa Fomu IV na hati halisi. Alilipa milioni 95 taslimu kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mjumbe na mashahidi wawili. Hakuingia ndani ya nyumba. Alitazama kutoka barabarani. Hakwenda mahakamani kusoma jalada. Hakufanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati.

Kila moja ya hizo inamtoboa. Nyumba yenye watu wanaoishi ndani inamtaka mnunuzi awaulize wanaishi kwa haki gani. Angegonga mlango angemkuta mjane. Jalada la mirathi lingemwambia kwamba Fomu V haijawasilishwa, kwa hiyo nyumba anayonunua haijaorodheshwa hata kama mali ya marehemu. Bei iliyo chini kwa theluthi moja ya thamani nayo inaongea.

Kisha kuna kasoro ya usajili. Hati bado ina jina la mzee. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, msimamizi kwanza anasajiliwa mwenyewe kama mwakilishi wa marehemu, kwa kuwasilisha barua ya usimamizi na cheti cha kifo. Ndipo uhamisho kwenda kwa mrithi au mnunuzi unafuata. Kaka aliruka hatua hiyo. Mnunuzi ana mkataba na karatasi ya mtaa, lakini hana jina kwenye daftari. (Zingatia na hili, kwa familia zote: jina kwenye hati, cheti cha kifo na kitambulisho yakitofautiana hata kwa herufi moja, kiapo cha majina kiandaliwe mapema. Huchelewesha miezi.)

Pa kwenda, na kwa mpangilio upi

Kosa la kawaida: mama anakimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kumshitaki mnunuzi. Kesi inatupwa, kwa kuwa mali ya marehemu inadaiwa na msimamizi, na mama si msimamizi. Kosa la pili ni kwenda polisi na kusubiri. Jinai inaweza kumfunga kaka; nyumba hairudishi.

Siku ileile ya barua, au kesho yake, zuio linawekwa kwenye hati, kwa ofisi ya Msajili wa Hati. Mwenye kudai maslahi anajaza fomu ya zuio na kiapo kinachoeleza maslahi yake ni yapi, anaambatisha cheti cha kifo, cheti cha ndoa au cha kuzaliwa, na namba ya hati. Lengo ni kuzuia mnunuzi asisajiliwe wakati ninyi mnasikilizwa. Jambo hili lina haraka kuliko yote. Mengine yanaweza kuchukua wiki.

Ndipo maombi ya kubatilisha uteuzi yanapelekwa kwenye mahakama ileile iliyoteua, kwa namba ya shauri lilelile. Kanuni ya 9 ya Kanuni za 1971 inataja sababu, na hapa mbili zinasimama vizuri. Moja, uteuzi ulipatikana kwa kuificha mahakama ukweli: mke mmoja na watoto wawili hawakutajwa. Pili, msimamizi ametenda kinyume na masharti na maslahi ya warithi: hakuna orodha, hakuna hesabu, mali imeuzwa chini ya bei na fedha hazijagawanywa. Mwombaji wa kwanza afaa awe mke mdogo, kwa kuwa sababu ya kwanza ni yake kabisa. Mke mkubwa ajiunge naye. Wake wenza wakienda mahakamani kila mmoja na lake, kaka anapumua.

Kwenye maombi hayohayo waombe: kaka alete Fomu V na VI kwa tarehe maalumu, aeleze milioni 95 ziko wapi, mahakama itoe amri ya kulinda mali, na ateuliwe msimamizi mpya. Kama hakuna ndugu anayeaminika na pande zote, Kabidhi Wasii Mkuu anaweza kuombwa. Wadhamini waliosaini hati ya dhamana ya kaka waitwe pia. Wengi husaini wakidhani ni utaratibu tu.

Upande usioridhika na uamuzi una siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Msimamizi mpya akishapata Fomu IV yake, huyo ndiye anayemfuata mnunuzi. Anaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu na lina siku 30. Usuluhishi ukishindikana anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa madai ya umiliki wa nyumba lina mamlaka mpaka shilingi milioni 300. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, na kwa mali ya marehemu hesabu huanza siku ya kifo, si siku ya uteuzi. Kwa kisa hiki muda si tatizo. Kwa familia zilizokaa na nyumba ya babu tangu miaka ya tisini bila kufungua mirathi, ni tatizo kubwa.

Wakati huo wote mke mkubwa asihame. Barua ya wakili si amri ya mahakama. Wa kumtoa mtu ndani ya nyumba ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Aijibu kwa maandishi, ataje namba ya shauri la mirathi na zuio lililowekwa, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mauzo yakifutwa, mnunuzi hatakiwi kurejeshewa fedha na warithi ambao hawakuzipokea. Anamdai aliyempa, yaani kaka binafsi, kwa mkataba, na ana miaka 6 ya kufungua dai hilo. Kama sehemu ya zile milioni 95 ilitumika kweli kulipa deni la marehemu, kwa stakabadhi, msimamizi mpya ataliingiza kwenye hesabu zake kama deni la mirathi. Fungu la kaka, milioni 28 kwenye mfano wetu, linaweza kushikiliwa kufidia aliyoyapoteza. Likipungua, kilichobaki anakilipa kutoka mfukoni.